Tundu dogo kando ya kiti cha nyuma linavyowatia hasara wenye magari ya haibridi

MAGARI ya haibridi, yaani yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, si kitu kigeni tena katika barabara za Kenya. Kilicho kigeni bado ni elimu ya kuyatunza.

Pengo hilo hudhihirika katika kifaa kimoja kidogo. Ni kipande cha plastiki chenye vipenyo vyembamba mfano wa wavu, ambacho hukaa kando ya kiti cha nyuma au chini yake, ndani kabisa ya gari mnamoketi abiria.

Wengi wanaonunua magari haya hawajui kazi ya kifaa hicho. Wapo wanaodhani ni spika ya redio. Wengine hudhani ni tundu la kiyoyozi la kuwapulizia abiria wa nyuma, na wakiona halitoi upepo huamua kwamba limeharibika. Wapo pia ambao hawajapata kuliona hata mara moja, kwa kuwa vitambaa vipya vya viti vililifunika kabla gari halijaondoka kwa muuzaji.

Ukweli ni kwamba tundu hilo halikuundwa litoe hewa. Huivuta. Hewa hiyo ndiyo inayopoza betri kubwa inayosaidia kuendesha gari, ambayo ni miongoni mwa sehemu za bei ghali zaidi katika gari zima. Tundu likizibwa, betri hupata joto, na betri inayopata joto kila siku huzeeka kabla ya wakati wake.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa la mafundi na gereji pekee. Hata hivyo, linagusa akiba za familia, riziki ya madereva wa teksi, usalama wa vijana wanaofanya kazi katika gereji za jua kali na haki ya mnunuzi ya kuelezwa anachonunua, haki ambayo imeandikwa katika Katiba.

Bei ya petroli

Teknolojia yenyewe si mpya. Kampuni ya Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, na Honda ikafuata na Insight mwaka wa 1999. Wakati huo Mkenya wa kawaida hakuwa na habari nayo, na aliyekuwa nayo aliiona kama anasa ya matajiri wa ng'ambo.

Mambo yalibadilika Wajapani walipoanza kuunda magari madogo ya haibridi ya bei nafuu. Honda Fit Hybrid ilitoka mwaka wa 2010, Toyota Aqua ikazinduliwa Desemba 2011, na kufikia mwisho wa 2013 kulikuwa na Corolla Axio, Fielder na Honda Vezel zenye mfumo huo huo.

Hayo ndiyo magari ambayo Mkenya huyataka: madogo, yenye usukani upande wa kulia, na yenye majina ambayo tayari anayaamini.

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Hivyo basi, magari hayo yalianza kushuka kwa wingi katika bandari ya Mombasa miaka kadhaa baada ya kuzinduliwa, kila moja likiwa na betri iliyokwisha kufanya kazi kwa miaka mingi huko lilikotoka.

Kilichoongeza hamu ni bei ya mafuta. Serikali ilianza kuondoa ruzuku ya mafuta mwaka wa 2022. Julai 2023, ushuru wa ziada ya thamani kwa mafuta ukapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka uo huo, bei ya lita moja ya petroli jijini Nairobi ilipita Sh200 kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi.

Kwa dereva wa teksi anayepata abiria kupitia simu, gari linalozima injini yake katika msongamano na kusonga kwa umeme lilikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Kila anapokanyaga breki, nguvu ambayo ingepotea kama joto hugeuzwa kuwa umeme na kurudishwa kwenye betri. Kadiri msongamano unavyozidi, ndivyo gari hilo linavyolishinda la kawaida kwa kubana matumizi.

Faida hiyo yote, hata hivyo, hutegemea betri iliyo salama.

Njia tatu za hewa

Fundi aliyelelewa na magari ya petroli pekee anazijua njia mbili za hewa.

Ya kwanza ni ya injini. Hewa huingia upande wa mbele chini ya boneti, hupita katika sanduku jeusi la plastiki lenye kichujio, kisha huelekea kwenye injini kwa bomba pana. Njiani hukaa kifaa cha kupima kiasi cha hewa. Magari mengi huwa pia na kisanduku kingine kilichounganishwa na bomba hilo ambacho huonekana hakielekei popote. Kazi yake ni kupunguza mngurumo wa hewa inayovutwa, na asiyekijua huweza kukiona kama kipande kisicho na maana.

Ya pili ni ya abiria. Hewa huingia kupitia sehemu iliyo chini ya kioo cha mbele na kupita katika kichujio ambacho, kwa magari mengi ya Kijapani, hukaa nyuma ya kijisanduku kilicho mbele ya abiria wa mbele. Baada ya hapo hupozwa au kupashwa joto na kutoka kupitia matundu ya dashibodi.

Gari la haibridi lina njia ya tatu, nayo ndiyo inayowapiga chenga wengi. Hewa iliyokwisha kupozwa kwa ajili ya abiria huvutwa kupitia tundu la kando ya kiti cha nyuma, hupita katika mfereji wa plastiki hadi kwenye feni ya mviringo yenye mapezi mengi madogo, kisha husukumwa katikati ya vipande vya betri na kutoka upande wa pili ikiwa na joto.

Wahandisi walikuwa na sababu nzuri ya kuchukua hewa hiyo ndani ya gari badala ya nje. Joto linalomfaa binadamu aliyeketi kitini ndilo linaloifaa betri pia. Hewa ya nje huwa na matope, maji na joto la lami, lakini ya ndani tayari imechujwa na kupozwa.

Mahali pa tundu hutofautiana kulingana na gari. Katika Prius ya kizazi cha pili na cha tatu, betri hukaa nyuma ya kiti cha nyuma na tundu liko ubavuni mwa kiti hicho. Katika Aqua, betri iko chini ya kiti cha nyuma, na tundu liko chini, karibu na sakafu. Asiye na hakika afungue milango yote miwili ya nyuma na kukagua pande zote za kiti, kisha achunguze sehemu iliyo chini yake.

Njia rahisi ya kulitambua ni kutumia kipande cha karatasi laini ya shashi. Feni ikiwa inazunguka, karatasi itakayowekwa mbele ya tundu la betri itavutwa na kung'ang'ania pale. Ikiwekwa mbele ya tundu la kiyoyozi, itapeperushwa.

Ni muhimu kufahamu kwamba feni hiyo haizunguki wakati wote. Kompyuta ya gari huiwasha betri inapopata joto na kuiongeza kasi kadiri joto linavyopanda. Jaribio hilo kwa hivyo hufaa zaidi baada ya safari ya mchana wa jua kali. Mvumo unaosikika nyuma ya gari wakati huo si ugonjwa, bali ni ishara kwamba mfumo unafanya kazi.

Joto na betri

Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu imeundwa kwa vipande 28 vilivyopangwa sambamba kama vitabu kwenye rafu. Kila kipande kina seli sita na hutoa volti 7.2, na vyote vikiunganishwa hutoa volti 201.6. Betri ya Aqua ina vipande 20 vinavyotoa volti 144.

Betri hizo za nikeli hupokea na kutoa umeme mara nyingi mno katika safari moja. Kila dereva anapokanyaga breki, umeme huingia. Kila anapoondoka kwenye mataa, umeme hutoka. Shughuli hiyo huzalisha joto, na joto likizidi, sehemu ya umeme unaoingizwa haihifadhiwi tena bali huongezeka juu ya joto lililopo.

Vipande vya katikati ndivyo huumia zaidi, kwa sababu vimebanwa na wenzao pande zote mbili na havina pa kupumulia isipokuwa kupitia hewa ya feni.

Hewa hiyo ikipungua, kompyuta hujaribu kuiokoa betri kwa kupunguza kiasi cha umeme kinachoruhusiwa kuingia na kutoka. Injini ya petroli hulazimika kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Dalili ya kwanza kwa mwenye gari basi si taa ya onyo, bali ni mfuko wake. Mafuta yaliyokuwa yakimtosha wiki nzima huisha mapema, naye hulaumu kituo cha mafuta.

Hali ikiendelea, kipande kimoja hudhoofika kuliko vingine. Kwa kuwa vipande vyote vimeunganishwa kwa mfuatano, udhaifu wa kimoja huvuta chini betri nzima. Hapo ndipo taa huwaka kwenye dashibodi, na mashine ya kusoma hitilafu huonyesha nambari ambayo madereva wa magari haya wameanza kuiogopa: P0A80. Maana yake ni kwamba betri inahitaji kubadilishwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari la haibridi, mambo ni kinyume: anayeliziba tundu hili ndiye atakayejenga ukuta.

Yanayoliziba

Vitu vinavyoliziba tundu hilo ni vya kawaida kabisa. Vifuniko vya viti, ambavyo wanunuzi wengi huviweka hata kabla ya kulitumia gari, ndivyo hatari iliyo karibu zaidi. Vingine ni mikoba, makoti, blanketi la mtoto, mifuko ya sokoni na mizigo inayorundikwa kitini wakati wa safari za kwenda mashambani.

Vitabu vya maelekezo vya watengenezaji huonya waziwazi kwamba tundu lisifunikwe kwa kitambaa, plastiki wala mzigo. Tatizo ni kwamba magari haya yalitengenezwa kwa soko la Japani. Vitabu vyake vimeandikwa kwa Kijapani, endapo bado vimo garini. Ndivyo ilivyo pia kwa vibandiko vya onyo na maneno yanayojitokeza kwenye skrini.

Adui wa pili ni vumbi. Gari lililotengenezewa miji yenye lami hujikuta kwenye barabara za vumbi za Kajiado, Kitui au Laikipia, madirisha yakiwa wazi kwa sababu dereva anahofia kwamba kiyoyozi kitamla mafuta. Vumbi hilo, pamoja na nywele na nyuzi za zulia, huvutwa tunduni na kugandamana kwenye mapezi ya feni hadi feni inazunguka bila kusukuma hewa ya kutosha.

Katika magari mengi ya zamani, tundu hilo halina kichujio cha maana. Toyota imeweka kichujio kidogo katika baadhi ya magari ya miaka ya karibuni, lakini kichujio hicho nacho huhitaji kusafishwa, na asiyejua kwamba kipo hawezi kukisafisha.

Adui wa tatu ni maji. Katika baadhi ya maeneo ya kuoshea magari, si ajabu kuona zulia likimwagiwa maji gari likiwa na viti vyake vyote ndani. Kwa gari la kawaida, hasara yake huwa harufu mbaya. Kwa gari ambalo betri yake iko chini ya kiti, maji yanayopenya kwenye mfereji wa hewa huweza kuozesha viungo vya betri na kuleta hitilafu ya umeme.

Hata usafishaji una namna yake. Mwenye gari anaweza kuondoa vumbi la juu kwa mashine ya kufyonza bila kufungua chochote. Kupuliza kwa upepo wa kompresa kutoka nje, kama wafanyavyo wengi kwa kichujio cha injini, husukuma uchafu ndani zaidi, hadi kwenye betri yenyewe.

Hatari gerejini

Hatua inayofuata, ya kufungua kiti na kuisafisha feni, inahitaji fundi aliyefunzwa. Hapa ndipo suala hili linapokoma kuwa la fedha pekee.

Umeme wa volti 144 au 201.6 unaweza kuua. Isitoshe, katika magari haya umeme huo huongezwa nguvu kabla ya kufika kwenye mota. Katika Prius ya kizazi cha tatu hufikia volti 650, na katika Aqua volti 520. Nyaya zinazoubeba hufunikwa kwa rangi ya machungwa ili kila anayeziona ajue kwamba haziguswi ovyo.

Utaratibu unaokubalika ni kuzima gari, kuweka ufunguo mbali, kutenganisha betri ndogo ya volti 12, kuvaa glavu maalumu za kuzuia umeme, kuchomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, kisha kusubiri kwa takriban dakika 10 ili umeme uliobaki katika kapasita upungue. Baada ya hapo, fundi hupima kwa mita kuhakikisha hakuna umeme uliosalia.

Kijana aliyejifunza ufundi kwa kumtazama mwalimu wake kando ya barabara hana makosa iwapo hajui hayo. Hakuna aliyemfundisha. Wala si haki kusema kwamba hana uwezo, kwani mafundi wa jua kali ndio walioyaweka hai magari ya Wakenya kwa vizazi kadhaa, mara nyingi bila kitabu wala mashine za kisasa.

Lakini gari la haibridi halikubali kubahatisha. Injini iliyofungwa vibaya hutoa moshi au mlio, na fundi hurudi kuifungua. Nyaya za rangi ya machungwa hazitoi nafasi ya pili.

Kutojua huku kumezaa pia biashara yenye mashaka. Mwenye gari ambaye taa ya onyo imewaka huweza kuambiwa anunue betri nzima kabla hata feni haijakaguliwa. Mwingine hubadilishiwa kipande kimoja tu kilichokufa, kikatiwa kingine kilichotolewa kwenye gari lililoanguka. Gari huondoka likiwa zima, lakini vile vingine vilivyochoka kwa joto lilelile hufuata kimoja baada ya kingine. Ni sawa na kushona kiraka kipya kwenye nguo kuukuu.

Haki ya kuelezwa

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu kile alichonunua, na haki ya kulindwa kiafya, kiusalama na kiuchumi. Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Watumiaji mwaka wa 2012 ili kuzipa nguvu haki hizo.

Ni vigumu kuona jinsi mtu aliyeuziwa gari lenye kitabu cha Kijapani, au lisilo na kitabu kabisa, alivyopewa maelezo yanayohitajika.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) hutaka magari yaliyotumika yakaguliwe kabla ya kupakiwa melini, kwa kufuata kiwango cha KS 1515 cha mwaka wa 2000. Mwaka huo, Prius ilikuwa imeuzwa nchini Japani kwa takriban miaka mitatu tu. Ukomo wa umri uliowekwa ulifaa enzi ambapo uzee wa gari ulionekana katika injini, breki na kutu.

Umri pekee hauelezi hali ya betri ya haibridi. Magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kufika Mombasa kwa meli moja, moja likiwa na betri yenye nguvu na jingine likiwa na betri iliyochemshwa kwa miaka saba. Mnunuzi anayeyatazama uani hawezi kuyatofautisha.

Kwingineko, mnunuzi wa gari jipya hulindwa na dhamana. Nchini Marekani, Toyota ilikuwa ikitoa dhamana ya miaka minane au maili 100,000 kwa betri za haibridi, na kuanzia magari ya mwaka wa 2020 ikaiongeza hadi miaka 10 au maili 150,000. Mkenya anayenunua gari lililotumika kutoka Japani hawezi kutegemea dhamana hiyo.

Kuhusu maelezo ya ufundi, wapigakura wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani waliunga mkono mwaka wa 2012 sheria inayowataka watengenezaji wa magari kuzipa gereji huru maelezo na vifaa vya kutambua hitilafu vilevile ambavyo huzipa gereji zao. Umoja wa Ulaya nao una kanuni za aina hiyo. Kenya inayotegemea gereji huru kuliko mataifa hayo ina sababu kubwa zaidi ya kuutaka utaratibu huo.

Hoja za upande wa pili

Waagizaji wa magari wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Mnunuzi anapaswa kulijua gari analolinunua, na muuzaji hawezi kulaumiwa kwa mizigo inayowekwa kitini miaka mitatu baadaye. Aidha, kupima betri ya kila gari huongeza gharama, na gharama hiyo hatimaye hutua kwa mnunuzi.

Ni kweli pia kwamba tundu safi halimpi mtu betri ya milele. Betri huzeeka kwa miaka na kwa matumizi. Aqua zilizotoka mwanzo kabisa sasa zimepita umri wa miaka 13, na nyingine zitahitaji betri mpya hata kama zilitunzwa kama mboni ya jicho. Iwapo kipande cha betri kimeshakufa, kusafisha feni hakutakifufua.

Lakini hoja hizo zinaunga mkono kutolewa kwa maelezo badala ya kuyapinga. Mnunuzi akitakiwa kulijua gari lake, basi lazima awepo wa kumfahamisha. Na iwapo betri ina mwisho wake, mwenye gari anastahili kujua jinsi ya kuusogeza mbali na kujiwekea akiba kabla haujafika.

Linaloweza kufanywa

Hatua za kuanza nazo hazihitaji fedha nyingi. KEBS inaweza kutaka kila gari la haibridi linaloingia liandamane na ripoti ya hali ya betri, kama inavyotakiwa kuonyeshwa kwamba breki na taa zake zinafanya kazi. Mashine za kusoma nguvu ya kila sehemu ya betri zipo na hutumiwa na mafundi waliobobea.

Wauzaji nao wanaweza kutakiwa kumpa mnunuzi ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza, lugha mbili rasmi za nchi: betri iko wapi, tundu la hewa liko wapi, nini kisiwekwe juu yake, lisafishwe vipi na nyaya zipi zisiguswe. Kibandiko cha Kiswahili kando ya tundu lenyewe kingezuia makosa mengi kuliko onyo lililofungiwa katika kitabu.

Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda (NITA), ambayo huwatahini mafundi kwa viwango, ndiyo yenye nafasi bora ya kuwafikia walio gerejini tayari. Kozi fupi ya usalama wa umeme wa nguvu nyingi, inayotolewa karibu na waliko mafundi, kama vile Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na maeneo ya gereji ya Mombasa, Kisumu na Nakuru, ingewafaa wengi wasioweza kuacha kazi kwa miezi kadhaa ili kurudi darasani.

Serikali pia haina budi kufikiria betri zinazokufa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawawajibisha wanaoingiza bidhaa sokoni kuhusu kinachotokea zinapokuwa taka. Kila betri inayouawa na joto kabla ya wakati wake huongeza mzigo huo na kurudisha nyuma faida ya mazingira ambayo gari la haibridi lilinunuliwa kuileta.

Uzito wa suala hili utazidi magari yanayotegemea umeme yanapoongezeka. Mengi yatakuja na vifaa ambavyo fundi na mwenye gari hawajapata kuviona, na mfumo wa kuwaeleza kazi yake haujawekwa.

Kwa sasa, mwenye gari la haibridi anaweza kuanza na ukaguzi usiochukua hata dakika tano: afungue mlango wa nyuma, ainue kitambaa cha kiti, alitafute tundu hilo na kuhakikisha kwamba liko wazi.